Baiskeli ya Kwenda Kazini Nairobi: Mwongozo Kamili kwa Aliyejaribu Akaacha

Pita mtaa wowote wa maghorofa Eastlands ukiwa umeinua macho. Hukosi kuiona: baiskeli nzima, gia zote zipo, imefungwa kwenye grili ya balkoni ghorofa ya tatu. Tairi zimelala. Usukani umeanikwa soksi. Mwenyewe aliinunua Januari, akaendesha siku nane au kumi, kisha akarudi stagi kimyakimya.

Watu wa namna hiyo wananiandikia kila mara, na karibu wote huilaumu miguu. Sina pumzi, nimezeeka, milima imenishinda. Nikiwadodosa nakuta ni mambo manne yaleyale: walifuata njia ya matatu, walipata pancha wakiwa mikono mitupu, walifika ofisini wamelowa jasho, au giza liliwakuta barabarani bila taa. Yote hayo hutengenezwa kabla hujakanyaga pedali. Ndiyo maana katika mwongozo huu safari yenyewe inaanza hatua ya tano.

Mimi hutoka Buruburu kwenda Upper Hill, karibu kilomita 9. Niliwahi kuacha mara mbili.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya siku ya kwanza

- Baiskeli yenye breki mbili zinazoshika, mbele na nyuma
- Tyubu moja ya akiba ya saizi iliyoandikwa ubavuni mwa tairi yako
- Pampu ndogo ya mkono inayokubali vali ya tyubu hiyo
- Viraka, sulusheni na kipande cha msasa
- Vijiko viwili vya plastiki vya kutolea tairi
- Spana ya nati za magurudumu (nyingi ni namba 15) na funguo za pembe sita
- Taa nyeupe ya mbele, taa nyekundu ya nyuma
- Kofia ngumu na kengele
- Kufuli ya chuma yenye umbo la U, au mnyororo mnene
- Madigadi na karia

Glavu, miwani, suruali za kubana na kishikio cha simu vinaweza kungoja. Nimeona mtu akinunua viatu maalumu kabla ya pampu. Huyo hakumaliza mwezi.

Neno moja kuhusu vali, kwa sababu ndipo wengi hukwama. Vali nene kama ya gari hujazwa upepo petroli stesheni yoyote. Ile nyembamba yenye kinati kidogo kichwani, na ile ya baiskeli za kizamani kama Black Mamba, hazikubali mdomo wa pampu ya petroli stesheni bila kiunganishi. Ukiwa na nafasi ya kuchagua, chukua vali ya gari.

## Hatua ya 1: Tafuta njia kabla ya kutafuta baiskeli

Kosa la kwanza ni kudhani njia ya baiskeli ndiyo ile unayoijua ukiwa dirishani mwa matatu. Matatu hufuata abiria. Wewe unafuata mteremko, kivuli na utulivu.

Anza na umbo la jiji. Kwa jumla Nairobi imeinama kutoka magharibi kwenda mashariki. Anayetoka Kangemi, Kawangware au Dagoretti hushuka asubuhi akafika mjini mkavu, kisha hupanda jioni akielekea kuoga nyumbani. Sisi wa Buruburu, Umoja na Donholm tuna bahati ya nyuma mbele: tunapanda asubuhi, tena taratibu kiasi kwamba jicho halioni mlima ila mapaja yanaujua.

Mito nayo, Nairobi, Mathare na Ngong, hutiririka kuelekea huko huko mashariki. Kwa hiyo barabara inayokwenda sambamba na mto huwa nyepesi, na inayokata mto hukutumbukiza bondeni na kukudai kupanda tena ng'ambo ya pili. Kutoka Kileleshwa hadi Westlands ramani inasema ni hapo tu. Ramani haikuambii utashuka hadi mtoni.

Sasa chukua Jumapili moja asubuhi uipitie njia kwa miguu au kwa baiskeli ya kuazima. Igawe vipande vya aina tatu: pa kuendesha, pa kuendesha kwa tahadhari, na pa kushuka na kusukuma. Kusukuma mita 200 si aibu. Njia nyingi nzuri za Nairobi zina kipande kama hicho, aghalabu kwenye daraja la miguu au mzunguko mkubwa.

Thika Road ina barabara za pembeni zinazotenganishwa na zile za kasi, na hizo za pembeni ndizo zako, ingawa matatu nazo husimama humo. Ngong Road ina vipande vilivyojengewa waendao kwa miguu na baiskeli. Vitumie, lakini usivifumbie macho: utakuta boda boda zinakujia uso kwa uso, mama wa mahindi na jiko lake, na nguzo katikati. Barabara ya Expressway ya juu hairuhusu baiskeli kabisa. Chini yake, Mombasa Road, usianzie huko.

Ukipata njia tulivu iliyo ndefu kidogo kuliko ile kubwa, chukua tulivu. Mimi nilikuwa nikipita Landhies Road, kando ya Muthurwa, nikipigania nafasi na mikokoteni na mabasi ya mashambani. Siku niliyokata kuingia Lusaka Road kisha Bunyala Road, ndiyo siku safari ilianza kufanana na safari.

Umefaulu ikiwa unaweza kumsimulia mtu njia yako yote bila simu, pamoja na mahali utakaposhuka. Kwa anayeanza, isizidi kilomita 10 kwenda. Kwa mwendo wa kilomita 12 hadi 15 kwa saa, hizo ni dakika 40 hadi 50.

## Hatua ya 2: Nunua baiskeli ya barabara hii

Usiulize baiskeli gani ni nzuri. Uliza lami yako ikoje. Nairobi ina lami, halafu ghafla haina, halafu kuna bampu. Tairi nyembamba za mashindano zitakutesa, na tairi pana zenye meno makubwa zitakuchosha kwenye lami. Tafuta upana wa milimita 40 hadi 50 zenye uso laini. Baiskeli ya mlima ya mtumba iliyovalishwa tairi laini huwatosha watu wengi.

Epuka springi za bei rahisi, hasa ile ya chini ya kiti. Kila ukikanyaga, nguvu yako inaishia kuibonyeza springi badala ya kuzungusha gurudumu.

Ukiwa kwa muuza mitumba, fanya haya kabla ya kutaja bei:

Simama ukiwa umeipanda katikati, miguu yote chini. Bomba la juu liwe chini ya kinena kwa upana wa vidole viwili au zaidi. Baiskeli ndefu kupita kimo chako haina dawa.

Zungusha kila gurudumu likiwa hewani. Likiyumba kidogo, fundi atakaza spoki. Likigusa breki kila mzunguko, punguza bei au ondoka.

Shika mikono ya pedali uitikise kushoto na kulia. Ikicheza, beringi za katikati zimekwisha. Halafu pitisha kidole kwenye viungo vyote vya fremu ukitafuta ufa chini ya rangi. Fremu iliyopasuka isikuingie nyumbani hata kwa zawadi.

Onyo. Baiskeli nyingi zinazouzwa haraka haraka ni za wizi. Dai risiti yenye namba ya fremu, ile iliyopigwa chini pale mikono ya pedali inapokutana, na nakala ya kitambulisho cha muuzaji. Akikataa, mwache na baiskeli yake.

Tena usimalize pesa zote hapo. Weka kando kama robo ya bajeti kwa tairi, kebo za breki na kufuli.

## Hatua ya 3: Ifanye ikutoshe

Kiti cha chini ndicho kinachowafanya watu waseme milima ya Nairobi ni mibaya. Kaa kitini ukiegemea ukuta, weka kisigino juu ya pedali iliyo chini kabisa. Mguu unyooke. Ukihamisha sehemu pana ya mbele ya wayo kwenye pedali, goti litabaki limekunjika kidogo, na hapo ndipo panapotakiwa.

Utalalamika kwamba miguu haifiki chini ukiwa umekaa. Haitakiwi kufika. Ukisimama unateremka kitini, unakanyaga chini kwa mguu mmoja.

Breki: vuta kila mkono kwa vidole viwili. Ukigusa mpini wa usukani kabla gurudumu halijakwama, kebo inahitaji kukazwa. Zile raba lazima ziguse rimu, si tairi. Raba inayogusa tairi itaitoboa siku moja ukiwa kwenye mteremko.

## Hatua ya 4: Toa pancha mbili sebuleni kwako

Hatua hii watu huiruka, nayo ndiyo inayoamua.

Pancha ukiwa nyumbani ni kazi ya dakika 20. Pancha saa 12 na nusu jioni, lami imeloa, hujawahi kulitoa gurudumu la nyuma, inaweza kukurudisha stagi maisha yako yote. Kwa hiyo toa upepo kwa makusudi, gurudumu la mbele leo, la nyuma kesho, ufanye kila kitu mwenyewe kana kwamba tyubu imetoboka.

1. Hamisha mnyororo hadi kwenye meno madogo kabisa ya nyuma, ndipo ulegeze nati. Mnyororo ukiwa huko, gurudumu hutoka na kurudi bila vita.

2. Toa upepo wote. Bonyeza kuta za tairi kuelekea katikati ya rimu pande zote, kwa sababu katikati kuna bonde linalokupa nafasi. Ingiza kijiko cha kwanza mbali na vali, kisha cha pili kando yake, uvute upande mmoja tu wa tairi.

Onyo. Usitumie bisibisi. Inatoboa tyubu pale pale unapoiokoa.

3. Vuta tyubu, ijaze upepo hadi inone, iingize kwenye beseni la maji kipande kwa kipande. Vipovu vikitoka, weka alama kwa kalamu. Huna maji? Ipitishe karibu na midomo, utausikia upepo.

4. Sasa shika tairi yenyewe. Hii ndiyo sehemu inayosahauliwa. Kilichotoboa bado kimo ndani. Pitisha kitambaa taratibu pande zote za ndani ya tairi, kitanasa kwenye kisababishi. Nairobi mara nyingi si mwiba, ni waya mwembamba mfano wa unywele, uliobaki lamini baada ya tairi ya lori kupasuka au tairi kuchomwa barabarani. Kwa jicho hauonekani. Uchomoe kwa koleo au kwa kikata kucha. Usipoutoa, tyubu mpya itakufa kabla hujafika kona.

5. Sugua pale penye tundu kwa msasa hadi mng'ao uishe, eneo lizidi ukubwa wa kiraka. Paka sulusheni nyembamba, sambaza, kisha ngoja. Dakika tano. Ikibandikwa ikiwa mbichi haishiki; lazima ikauke hadi isinate kidoleni. Bandika, kandamiza kwa nguvu kuanzia katikati kwenda nje.

6. Tia tyubu upepo kidogo tu ili ishike umbo, irudishe, anzia kwenye vali. Maliza kuingiza tairi kwa viganja vya mikono, si kwa kijiko. Zunguka gurudumu lote ukichungulia kama tyubu imebanwa kati ya tairi na rimu. Ikibanwa, itapasuka kwa mlio utakaoamsha ploti nzima.

7. Jaza. Kiwango kimeandikwa ubavuni mwa tairi. Kwa tairi pana za baiskeli ya mlima mara nyingi ni kati ya PSI 40 na 60.

Umefaulu ikiwa asubuhi yake tairi bado ni ngumu ukiibonyeza kwa dole gumba. Ukiwa barabarani hutabandika kiraka: unaweka tyubu ya akiba, ile iliyotoboka unaiziba nyumbani. Fundi wa pembeni atakusaidia mchana, lakini jioni hufunga mapema kuliko unavyodhani.

## Hatua ya 5: Mazoezi ya Jumapili, halafu siku mbili kwa wiki

Fanya safari nzima Jumapili, ukiwa na mkoba uleule wa kazini. Andika muda. Jumapili inayofuata, rudia.

Kisha nenda kazini kwa baiskeli siku mbili tu kwa wiki, Jumanne na Alhamisi. Jumatatu jam ni mbaya na mwili umelala. Ijumaa jioni madereva wana haraka zao. Siku nyingine panda matatu kama kawaida, bila kujihisi umeshindwa. Niliacha mara ya kwanza kwa sababu nilitaka siku tano kuanzia wiki ya kwanza. Kufikia Alhamisi makalio yangu hayakutaka kukiona kiti.

Makalio huzoea. Yape wiki tatu.

Ukitumia shilingi 160 kwa siku kwa nauli, siku nane za mwezi ni shilingi 1,280. Zitie kwenye kibati tofauti. Ndizo zitakazonunua tyubu, raba za breki na mnyororo, usije ukasema baiskeli inakumaliza.

## Hatua ya 6: Jua tabia za barabara

Tunaendesha kushoto, lakini kushoto si mtaroni. Kaa kama mita moja kutoka ukingoni mwa lami. Ukijibana pembeni, magari yatakupita kwa kukugusa bega, nawe hutakuwa na pa kukimbilia. Ukiwa mita moja ndani, dereva analazimika kuamua kukupita, na wewe una nafasi ya kukwepa shimo.

Matatu iliyosimama. Usipite kushoto kwake. Kamwe. Mlango uko huko, makanga anaruka kabla gari halijasimama, na abiria anashuka akiangalia simu. Tazama nyuma juu ya bega la kulia, ukiona pako wazi pita kulia ukiacha mita moja. Hapako wazi? Simama nyuma yake ungoje. Makanga akigonga bodi, gari linaondoka au linasimama, na kwa vyovyote vile wewe usiwe ubavuni mwake.

Lori. Likiwa mbele yako kwenye makutano, kaa nyuma. Usiteleze kushoto kwake hata kama pana nafasi ya ng'ombe kupita. Likikata kona, magurudumu ya nyuma huja ndani zaidi kuliko ya mbele na hufunga nafasi hiyo. Kama huuoni uso wa dereva kwenye kioo chake, naye hakuoni.

Boda boda itakupita kushoto, kulia, na kukujia kinyume. Usishindane nayo wala usiyumbe ghafla. Shika mstari ulionyooka, itakuzunguka yenyewe. Mwendesha boda anasoma mwendo wako. Mpe kitu cha kusoma.

Mizunguko na makutano makubwa. Mwezi wa kwanza, shuka. City Stadium, Nyayo, Bunyala, vuka na waendao kwa miguu ukisukuma. Kumbuka pia kwamba taa ikiwa kijani na askari amenyoosha mkono, askari ndiye taa.

Reli. Industrial Area kuna reli zinazokata barabara. Zivuke kwa pembe mraba. Ukizipita kwa mshazari, tairi hudumbukia kwenye ufa kando ya chuma, na mvua ikiwa imenyesha utakuwa chini kabla hujajua.

Magari yaliyoegeshwa. Acha upana wa mlango mzima. Usiombe dereva aangalie kioo.

Mkono ukinyooka kabla ya kukata kona, watu wanaelewa. Nashangaa hadi leo jinsi mkono mtupu unavyofanya kazi Nairobi kuliko kengele.

Umefaulu ikiwa wiki inapita bila kuhitaji breki ya ghafla. Breki za ghafla kila siku ni dalili kwamba unaenda kasi au unakaa mahali pabaya.

## Hatua ya 7: Giza, mvua na tope

Hapa karibu na ikweta jua halibadili ratiba sana. Mwaka mzima huchomoza na kuzama karibu na saa 12 na nusu, na giza haligongi hodi. Ukitoka kazini saa 12, utafika gizani. Basi taa si za dharura, ni za kila siku. Chaji kila Jumapili na kila Jumatano usiku. Ya nyuma iwe nyekundu, isifunikwe na koti wala mkoba. Tepu ya kung'aa kwenye mikono ya pedali na vifundo vya miguu hufanya kazi kubwa kwa pesa kidogo, kwa sababu kitu kinachopanda na kushuka hutambulika haraka kuwa ni mtu.

Mvua ndefu ni Machi hadi Mei, za vuli Oktoba hadi Desemba. Manyunyu hayana neno. Mvua ya kumwaga, jibanze. Si kwa sababu ya kulowa, bali kwa sababu maji yakijaa barabarani hufunika mashimo na mitaro iliyoibiwa mifuniko. Niliwahi kuliingiza gurudumu la mbele kwenye mtaro wa namna hiyo mchana kweupe, nikaruka juu ya usukani mbele ya stagi iliyojaa watu. Maji usiyoona chini yake, yazunguke au ushuke.

Rimu zikiwa zimelowa, breki za raba huchelewa kushika. Zibinye kidogo kidogo mapema zifute maji, ndipo uvute.

Na tope lenyewe si moja. Upande wa magharibi ni udongo mwekundu, unachafua lakini unaachia. Kuanzia Embakasi na nyanda za mashariki na kusini ni ule mweusi wa mfinyanzi, ukilowa unashika kama ugali wa sima. Hujaa kati ya tairi na madigadi hadi gurudumu linagoma kuzunguka. Ukiishi huko, nunua madigadi yenye nafasi ya vidole viwili juu ya tairi, na ubebe kijiti. Au sukuma hadi lamini, maana kupanda baiskeli kwenye tope hilo ni kujitafutia.

## Hatua ya 8: Fika ukiwa mkavu

Jasho halitoki kwa umbali, hutoka kwa haraka na kwa mkoba wa mgongoni. Mkoba uende kwenye karia. Ondoka dakika 15 mapema uendeshe polepole kilomita mbili za mwisho. Anza safari ukihisi baridi kidogo, hata Julai. Ukianza na joto utamaliza na mvuke.

Peleka nguo za wiki ofisini siku ya matatu. Kitambaa kilicholowa, taulo dogo, dakika tano chooni. Kwa dada anayevaa sketi, taiti ndani na pindo lifungwe upande ulio mbali na mnyororo. Basi.

## Hatua ya 9: Panga pa kuiacha

Zungumza na soja wa jengo kabla ya siku ya kwanza, si siku hiyo. Kuna jengo nililowahi kufanyia kazi ambalo langoni niliambiwa parking ni ya magari, kwa hiyo baiskeli haiwezi kuingia wala haiwezi kulipia. Nilirudi na mwenye cheo chake, msimamizi wa jengo, nikamwonyesha kona iliyo nyuma ya jenereta ambayo hakuna gari lingeingia. Alikubali kwa dakika mbili. Usianze mjadala na soja. Yeye hana ruhusa ya kukupa, ana ruhusa ya kukunyima tu.

Kufuli ipite kwenye fremu na gurudumu la nyuma na kitu kisichong'oka. Gurudumu la mbele likiwa la kufunguliwa kwa mkono, litoe ulifunge pamoja, au badilisha lile bano kwa nati. Kiti vivyo hivyo. Taa na pampu ingia navyo.

Piga picha ya baiskeli na ya namba ya fremu, uzihifadhi mahali usipopoteza ukipoteza simu. Ikiibiwa, utahitaji namba hiyo kuripoti kituoni na kupata namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha polisi. Bila namba ya fremu utakuwa unaelezea rangi tu.

## Hatua ya 10: Beba mzigo kama wauza maziwa

Uzito ukae chini na katikati. Kreti la soda likifungwa kwenye karia kwa vipande vya tyubu kuukuu hubeba vitu vyote vya sokoni vya wiki, na vipande hivyo fundi yeyote atakukatia. Vinashika kuliko kamba, havilegei kwenye bampu.

Mtungi wa gesi wa kilo 6 ukijaa una uzito karibu mara mbili ya hizo kilo, pamoja na chuma chake. Ufunge ukiwa wima, kwa mipira miwili inayokatana. Ukiwa na mzigo, breki mapema, na usitundike mifuko kwenye usukani: mfuko mmoja ukiingia kwenye spoki, gurudumu la mbele linasimama na wewe unaendelea.

## Hatua ya 11: Dakika kumi za Jumamosi

Upepo, breki, mnyororo. Kwa mpangilio huo.

Tairi hupoteza upepo hata zisipotoboka, kwa hiyo jaza kila wiki. Tairi laini ndiyo inayobanwa na rimu kwenye shimo na kutoboka matundu mawili sambamba, kama meno ya nyoka. Ukikuta matundu ya hivyo, tatizo ni pampu, wala usilaumu tairi.

Mnyororo ufute kwa kitambaa hadi usiache weusi, tone moja la mafuta kwa kila pingili, zungusha, futa tena yaliyobaki nje. Fundi atakupendekezea oili chafu ya gari. Ikatae. Inanasa vumbi la Nairobi na kutengeneza msasa unaokula meno.

Kila miezi miwili pima mnyororo kwa rula. Pingili kamili 12 (kila moja ni jozi, ya nje na ya ndani), pini hadi pini, zikiwa mpya ni milimita 305. Zikifika 306 na nusu, badilisha mnyororo peke yake. Ukingoja hadi 308, meno ya nyuma nayo yamekwisha kulika, mnyororo mpya utaruka ukipanda mlima, na fundi atakuuzia vyote viwili.